Kiraka Bila Tundu

Ninyi vijana munaokuja kwenye baraza yangu kujifunza kushona, wekeni simu chini kwanza. Wasichana na wavulana, wote. Ile robe ya bluu, gauni ya mutoto, munayoiona imetundikwa kwenye musumari, nyuma ya mashini ya mujukuu wangu Esperansi, kila muntu anayeingia hapa anaicheka. Anauliza ni nani alishona kile kiraka cha tumboni, kimepinda kama njia ya mbuzi. Nimechoka kujibu mumoja mumoja. Nitaandika mara moja, nanyi mutasoma, kisha mutarudi kwenye kazi.

Lakini sitaanza na robe. Nitaanza na vile munavyopima watoto, sababu munawapima vibaya.

Juzi nilimuona mumoja wenu, sitamutaja jina, anajijua, anamuambia mutoto: "Simama sawa, kama soda wa jeshi." Mutoto akavuta pumzi, akakaza tumbo, na wewe ukaandika. Mutoto gani anaishi amevuta pumzi? Mutoto anachuchumaa. Anapanda muti wa mapera. Anabeba mudogo wake mugongoni. Mwambie achuchumae, mwambie aguse mabega yake, hapo njo unyooshe metre, utepe wa kupimia. Mupime akiisha kula. Na upindo wa chini acha mupana, vidole vinne, ukunje ndani na uzi mulegevu, hivi mutoto akirefuka mama yake ataufungua na wembe, bila kuharibu kitambaa. Musiniambie simu inaonyesha modeli bila upindo. Simu haijazaa.

Hayo yote nilipewa na Papa Yosefu, fundi aliyekuwa anashona kwenye soko letu zamani, mbele ya vita kuanza. Muntu mufupi, mukali, metre shingoni hata kanisani. Mimi nilikuwa nimeacha masomo nikiwa mudogo sana, kwetu kulikuwa na viazi vya kulima na watoto wa kubeba. Papa Yosefu akanipokea. Musifikiri alinipa mashini. Alinipa wembe, nifumue. Nilifumua mashati, mapazia, kanzu ya padri, mpaka vidole vikajua uzi unavyokaa ndani ya kitambaa. Siku aliyoniruhusu nishone, nilishona shati la mwalimu. Kola sawa, vifungo sawa. Nikamupelekea nikicheka meno yote inje. Hakuliangalia. Aligeuza ndani.

"Huku ndani kuko nini?"

"Huku hakuna muntu ataona, Papa."

"Mwenye shati hana macho? Bibi yake anayefua hana macho? Fumua."

Nilifumua, nikashona, akageuza, nikafumua tena. Kwa haraka ya kumaliza nikaweka mukono wa kushoto kuume, na wa kuume kushoto, na siku ile Papa Yosefu alikuwa na homa, hakugeuza kitu. Mwalimu akaenda nalo kwenye masomo. Kila akiinua mukono kuandika ubaoni, shati linapanda mpaka kitovu. Watoto walijifunza kitovu cha mwalimu kuliko hesabu. Tangu siku ile nilishika neno la Papa Yosefu: geuza ndani. Mpaka leo siwezi kununua hata pochi sokoni bila kuigeuza. Na ninyi mushike neno hilo, litarudi.

Papa Yosefu alipozeeka, kazi ya nguo za watoto wa mwami ikaniangukia mimi. Mwami ni chifu, mwenye kilima chetu, babu yake alikuwa mwami, na babu wa babu. Nyumba yake ilikuwa juu, kwenye mikaratusi, ni fasi ambapo ukungu unakawia kutoka asubuhi. Nilikuwa ninapanda na kichwa cha mashini kwenye kichwa changu, ninakaa kwenye baraza ya nyuma, ninashona mpaka mvua ya muchana.

Watoto wa nyumba ile walikuwa na sheria zao. Hawakubeba muzigo kichwani. Hawakushika jembe wala sindano. Na kubwa kuliko zote, hawakuvaa nguo ambayo muntu mwingine amekwisha kuvaa, na nguo yao haikuvaliwa na mwingine. Ikiwa fupi, ilichomwa nyuma ya jikoni. Nimeona robe zenye dantela zinaungua, lesi hiyo niliyoishona kwa mukono, na watoto wangu nyumbani wanavaa nguo za balo, mitumba yenye majina ya timu za mupira za Ulaya. Ilikuwa inaniuma. Lakini sikusema, sababu mwenye kulinda sheria hizo alikuwa mama ya mwami, na huyo hakuna aliyemujibu. Sote tulimuita Koko. Alikuwa na fimbo nyeusi. Ukisikia fimbo, tok, tok, kwenye sakafu, hata kuku walitafuta kazi ya kufanya.

Mutoto wa mwisho wa mwami alikuwa Riziki, msichana, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajakuja. Huyo alikuwa anatoroka kwa yaya wake, anakuja kuketi chini ya mashini yangu, anaokota vipande.

"Mama Sifa, nipe sindano."

Sifa ni binti yangu mukubwa, mama ya Esperansi.

"Koko atanikata masikio," nikamuambia.

"Atakata yako, si yangu."

Mungefanya nini? Nikampa sindano nene. Tulikuwa na mwana wa kuchezea wa maganda ya mugomba, Riziki akamushonea robe. Alikuwa anashona na ulimi inje, amekunja paji la uso kama hakimu. Fimbo ikisikika, ninachomeka sindano kwenye kola yangu, yeye anakalia mwana wa migomba, na sisi wawili tunaangalia mawingu. Koko anapita, anatuangalia, anasema, "Mawingu ya leo iko na nini?" Anaenda.

Na niseme kweli, mutoto alikuwa anashona vibaya. Vibaya sana. Mushono wake ulikuwa unatembea kama muntu aliyetoka kunywa pombe ya kasiksi. Nilijaribu kumurekebisha, nikachoka. Nilijiambia, bahati yake kwamba hatawahi kuishi na kazi hii.

Kisha vita ikapanda mpaka kwetu.

Sitaeleza vita. Ninyi munaijua, mumeila na maziwa. Nitasema tu kwamba mwami alikuwa amemupeleka bibi yake Goma kuzaa, pamoja na watoto wakubwa, na njia ikafungwa nyuma yao. Kule juu wakabaki Koko na Riziki. Wafanyakazi wakakimbia, yaya naye akakimbia. Mume wangu akaondoka na watoto wetu kuelekea Lushebere, mimi nikabaki nyuma kidogo kutafuta kichwa cha mashini kilichokuwa kule kwa mwami, sababu fundi bila mashini anakwenda kuomba. Nikakuta Koko ameketi kwenye ile baraza ya nyuma, kwenye kiti changu cha kushonea.

"Mama Sifa," akasema, "watu wanatafuta mutoto. Wanasema wakimushika, baba yake ataacha kilima. Utamupeleka Buleusa, kule kuko jamaa za mama yake. Njiani utasema ni wako."

"Na wewe, Koko?"

"Mimi niko mama mukwe wako. Mukali."

"Hiyo haitakuwa uongo mukubwa."

Aliniangalia. Nilifikiri fimbo inakuja. Haikuja.

Nikaona nguo za Riziki: viatu vyenye kifungo, robe yenye kola nyeupe. Muntu yeyote aliye na macho angejua ni mutoto wa wapi. Nikashuka mbio nyumbani kwangu, nikaleta robe moja ya zamani ya Sifa, imepauka, safi, inamutosha. Koko akaishika kwa vidole viwili.

"Hapana."

"Koko, kuko bariyeri mingi ku njia."

"Mutoto wa nyumba hii haingie mu nguo ya muntu mwingine. Hata akikufa, akufe mu nguo yake."

"Asikufe, Koko. Njo kazi tuko nayo."

Mimi nilijua alikuwa amekwisha kuacha nyumba, ng'ombe, makaburi ya wazee wake. Alibaki na kitu kimoja tu cha kushika, akakishika. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha bluu kilichokuwa kinangojea Noeli, kimekunjwa bado kama kilivyotoka dukani.

"Shona hii."

"Apite bariyeri na nguo mupya kama bibi-arusi?"

"Basi uizeeshe. Uko fundi ao hapana?"

Vijana, nimeshona nguo za harusi, nguo za masista, vazi la watoto mapacha waliokuwa wanaharisha siku ya kupimwa. Lakini kuzeesha kitambaa kizima, hiyo hakuna aliyenifundisha. Nilikata robe pana, na upindo wa vidole vinne, maana sikujua tutakaa kule mpaka lini. Kisha nikaipiga kwenye mawe ya kijito na majivu. Nikaisugua na mchanga kwenye magoti na kwenye makalio, fasi mutoto anakalia. Nikaitundika jikoni juu ya kuni mbichi. Koko alikuwa ameketi pale, anatazama bluu ya Noeli inageuka rangi ya bata. Akapangusa macho na pembe ya kikwembe, kitenge alichojifunga.

"Moshi," akasema.

"Njo moshi," nikasema.

Mwisho nikaweka viraka. Kimoja tumboni, kimoja begani, kimoja nyuma. Na hapa njo kosa ambalo ni fundi tu anaweza kulifanya. Robe haikuwa na tundu, na mukono wangu ukakataa kutoboa kitambaa kizima. Nikashona viraka juu ya uzima. Tena nikavishona vizuri! Pembe nne sawasawa, mushono mudogo, umejipanga kama maharage kwenye shamba la misheni. Nilikuwa ninajivunia. Nilimuvalisha Riziki, nikazunguka, nikasema ndani yangu, Papa Yosefu angefurahi.

Tukaondoka pamoja na watu wengi wenye magodoro na mbuzi. Mimi na mashini kichwani, imefungwa kwenye shuka. Riziki miguu wazi. Koko tulimupa kikapu cha viazi, abebe kama wamama wengine. Kichwa kile hakikuwa kimewahi kuonja muzigo. Kikapu kilianguka upande huu, kikaanguka upande ule, viazi vikakimbia kwenye muteremuko.

Mama mumoja akamuambia, "Wewe muzee, ulikulia wapi, usijue kubeba?"

"Kichwa kinaniuma," Koko akajibu.

Riziki akacheka mpaka nikamufinya.

Tulipokwisha kupita Kashuga, tukakuta bariyeri. Muti wa mianzi juu ya njia, vijana wenye bunduki, na mukubwa wao, kijana mwenye kofia mupya. Walikuwa wanafungua mizigo na kupapasa nguo. Hapo nikaelewa ujinga wangu. Watu wanaokimbia wanaficha franga, pesa zao, wapi? Kwenye upindo. Chini ya kiraka. Na mimi nilikuwa nimemuweka mutoto wa mwami viraka vitatu vinene, vipya, vinaita kama kengele.

Yule wa kofia akamupapasa Riziki tumboni. Akatoa kisu kidogo, akakata uzi wangu upande huu, upande ule, kiraka kikaanguka chini. Hakuna franga. Akainua robe kidogo.

Akageuza ndani.

"Mama," akaniambia pole pole, "hapa hakuna franga. Na tundu hakuna. Hii kiraka inaziba nini?"

Mimi ninayegombana na wauza vitambaa wa Goma mpaka wanafunga duka nikiwa ndani, nilishika tu mashini kichwani kwa mikono miwili.

Mwenzake akasogea. "Nani anashonaka kiraka kwa nguo muzima? Ni muntu anayeficha. Tuliambiwa kuko mutoto wa mwami, atapita huku."

"Ni yangu," Riziki akasema.

"Nini iko yako?"

"Viraka. Ni ya kujifunza. Mama iko fundi, si unaona mashini? Anashona moja, mimi ninafuata."

Sikuwa nimemupa jibu hilo. Tulikuwa tumemuambia aniite Mama, na njia nzima alikataa, alikuwa ananivuta kikwembe tu. Pale njo aliniita mara ya kwanza.

Yule wa kofia akaokota kiraka, akaangalia alama za uzi. "Muongo. Hii mushono iko ya muntu mukubwa."

"Hiyo iko ya Mama. Zote tatu. Zamu yangu haijafika."

"Basi imefika. Shona. Hapa, nione."

Riziki akaninyooshea mukono bila kuniangalia. Nikatoa sindano kwenye kola, na uzi kwenye kitambaa cha kichwa. Nikajaribu kuutia. Uzi unapita kando, unapita kando. Akaninyang'anya, akaulowesha mudomoni, akautia mara moja. Akaenda kuketi kwenye majani, karibu sana na Koko, akanyoosha robe juu ya magoti, akaweka kiraka tumboni, na ulimi ukatoka inje.

Koko aliangalia milima. Fimbo tulikuwa tumeiacha nyumbani, na mukono wake ulikuwa unatafuta fimbo hewani.

Mutoto akajichoma. Akaangalia damu kwenye kidole, akainyonya, akaendelea. Na mimi, nimesimama na mashini kichwani, nilikuwa ninaomba maombi ambayo hakuna fundi ameomba tangu dunia iumbwe: Mungu wangu, usimusaidie. Mutoto huyu ashone kama anavyoshonaka, aonekane ni mutoto kweli anayejifunza.

Mungu akasikia. Kiraka kilianza tumboni, kikaelekea kiunoni, kikajuta, kikarudi. Pembe moja ilibaki imekunjwa kama sikio la mbwa.

"Nimemaliza," akasema, akakata uzi na meno, akasimama.

Koko naye akainuka nusu, akaanguka juu ya kikapu. Riziki akavuta. Koko akaja. Mutoto alikuwa ameshona kiraka, robe, na kikwembe cha Koko, vyote pamoja.

Yule wa kofia alicheka mpaka akaegemea bunduki. Mwenzake akaketi chini. Watu wote kwenye njia, wenye njaa na matope, wakacheka, hata yule mama aliyemutukana Koko njiani.

"Batoto ya mwami!" mwenzake akasema, anapangusa macho. "Batoto ya mwami hawashikake hata kijiko. Huyu iko fundi. Fundi mubaya!"

"Piteni, piteni," akasema wa kofia. "Na wewe Mama, rudisha huyu mutoto ku masomo, kazi hii haimufai. Na muzee mutamukata huko mbele."

Tukapita. Hatukuthubutu kusimama kukata uzi. Koko na mujukuu wake wakatembea wameshonwa, hatua kwa hatua, mumoja akikawia mwingine anavutwa. Njia ilipopinda na bariyeri ikapotea nyuma, nikaweka mashini chini, nikaenda na wembe.

"Acha kidogo," Koko akasema.

Akaweka mukono juu ya kichwa cha mutoto, wakaendelea kutembea. Nilikuwa nyuma yao, na kikapu kile kichwani kwa Koko, ninawaambia kweli, hakikuanguka tena. Wakaenda hivyo mpaka kwenye kijito ambapo watu wanavuka mumoja mumoja juu ya gogo. Hapo wawili hawangeweza kupita. Koko akageuka.

"Sasa kata. Lakini kata upande wangu."

"Koko, nitaharibu kikwembe."

"Nimesema upande wangu."

Nikakata. Kipande chekundu cha kikwembe cha Koko kikabaki chini ya kiraka, ndani ya robe, na kikwembe chake kikabaki na tundu unaloweza kupitisha ngumi. Akalivaa tundu hilo akaingia nalo Buleusa mbele ya watu wote, mama ya mwami.

Kule Buleusa tulikaa kuliko tulivyofikiri. Watu wa musitu walitupa nyumba, muhogo na mafuta. Na juu ya mafuta niwafundishe, sababu jana niliona mumoja wenu anatafuta mafuta ya jikoni kwa mashini. Mimi nilifanya ujinga huo. Mafuta ya mashini yaliisha, nikasema, mafuta ni mafuta, nikatia mawese. Siku ya kwanza mashini iliimba. Siku ya pili ilishona mistari ya rangi ya chungwa kwenye shati jeupe la mwimbishaji wa kwaya. Ya tatu ikagoma, mawese yameganda kama gundi, na nikaifungua skuru moja moja, nikaichemsha vipande vyake kwenye sufuria. Watoto wakauliza supu itaiva lini. Kama hakuna mafuta yake, acha mashini, fuata mukono. Shona polepole.

Sasa muko na mashini za umeme, na paneli ya jua kwenye bati, na pasi ambayo haitemi cheche. Muzuri, sikatai. Mimi na pasi ya makaa nilichoma suruali ya muntu akiwa anaingoja amevaa taulo. Lakini umeme ukikatika munakaa mukiangaliana kama vifaranga. Mukono haukatiki.

Turudi. Koko hakunipa kile kikwembe nikitie kiraka. Alimupa Riziki. Mutoto akashona na ulimi inje, akatoa kitu kama ramani ya njia za musitu wa Walikale. Koko alikivaa kanisani. Robe ya bluu ilipoanza kuwa fupi nilifungua upindo mara moja, nusu, na iliyobaki nikaiacha. Ilipokuwa fupi kabisa, nikaona Koko anaichukua, anaelekea upande wa jikoni, penye moto. Nilimufuata nikisema, Mungu wangu, hata hapa? Alipita moto. Akaikunja, akaiweka kwenye kikapu cha viazi, chini kabisa.

Siku tuliyorudi milimani nilikuta mume wangu na watoto wetu wazima, lakini kilima kilikuwa na wengine, na nyumba ilikuwa ukuta tu. Koko alizeekea kwa mwami, katika nyumba ya kupanga, na alizikwa na kikwembe kile. Robe akaiacha kwa Riziki.

Riziki ni mama leo. Anafundisha watoto wa primeri huko Masisi centre, na mushono wake haujapona. Wiki hii alikuja hapa na binti yake, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajakuja. Akatoa robe kwenye mufuko.

"Mama Sifa, batoto ya kwetu hawavalake nguo ya mwingine," akasema, na akanicheka. "Lakini huyu ataivaa Dominika, tukienda kwa kaburi ya Koko. Mufungue upindo wenye ulibakia."

Nikamuambia sawa, na nikampa Esperansi kazi. Jana jioni ninasikia wembe unalia, krr, krr. Ninageuka, ninamuona ameshika robe, si kwa upindo. Kwa tumbo.

"Tate," akaniambia, vile wajukuu wanavyoniita mimi bibi yao, "hii kiraka iko mubaya sana. Wateja watasema ni mimi nilishona. Niifumue, niweke nyingine, dakika kidogo."

Alikuwa amekwisha kukata nyuzi mbili.

Nilisimama. Muniulize nimesimama mbio vile tangu lini na magoti haya. Nikamunyang'anya wembe. Nikaita wote waliokuwa nyumbani: Sifa jikoni, wajukuu, hata mume wangu na redio yake. Wakaja wakifikiri nyumba inaungua.

"Esperansi," nikasema, "geuza ndani."

Akageuza. Akaona kile kipande chekundu, kimepauka, kimeshikwa na uzi wa mutoto pande zote. Akakigusa na kidole kimoja.

Nikawaambia: "Mutafungua upindo. Mutapiga pasi, na pasi ipite kando. Lakini kile kiraka, leo na siku nitakapokuwa siko, muntu asikiguse."